Baiskeli Mbili, Mlima Mmoja

*Wewe na mwenzi wako mnafikiria kununua baiskeli za gia? Mhariri wetu alinunua yake Dar, akaipeleka ukweni Kumsenga, na kilima cha kwanza tu kikammwaga. Soma kabla hujatoa hela.*

MTARO wa barabara ni mahali pabaya pa kugundua kwamba ndoa yako ina tatizo.

Nilikuwa nimekaa humo, goti la kulia linavuja damu, kofia ngumu imenishukia mpaka puani, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye meno. Pembeni yangu ilikuwa imelala baiskeli mpya kabisa, nailoni ya dukani bado imezungushiwa kwenye fremu, gurudumu la nyuma linajizungukia lenyewe. Mume wangu simwoni. Alishapotelea kwenye kona ya chini kitambo.

Akapita mzee mmoja anasukuma Phoenix kuukuu iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi. Akasimama, akanipa pole, akanisaidia kuinuka. Kisha akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kabisa:

"Mama, hii ni yako au umeazima?"

Nikamjibu kwa hasira kidogo kwamba ni yangu, tena nimeinunua kwa hela yangu. Akatikisa kichwa, akaendelea kusukuma ndizi zake. Ilinichukua siku mbili kulielewa swali lake, na mpenzi msomaji, ningelielewa nikiwa bado Dar, ningeokoa goti, hela na machozi.

Kama sare ya harusi

Tuanze mwanzo. Mimi na mume wangu tuna miaka saba ya ndoa, watoto wawili, na kazi zinazotutoa nyumbani kabla jua halijachomoza. Hatugombani. Watu wanatuona wenye bahati kwa sababu hiyo. Lakini ukitukuta usiku sebuleni utaona mianga miwili ya simu, kila mtu na yake, na ukiuliza neno la mwisho tulilosemezana utaambiwa ni "umelipa umeme?"

Likizo ya Julai ilipokaribia, mwenzangu akaja na wazo. Kila mwaka tukienda kwao Kumsenga, kata ya wilaya ya Kibondo kule Kigoma, tunakaa kwenye viti uani mpaka siku ya kurudi. "Safari hii twende na baiskeli," akasema. "Za gia. Tuzunguke vilima wote wawili."

Wote wawili! Unajua ilikuwa lini mara ya mwisho kusikia maneno hayo? Nikakubali kabla hajamaliza. Sikumwambia kwamba mara ya mwisho kunyonga baiskeli nilikuwa darasa la sita, tena kwa kuiba ya binamu yangu, maana kwetu mtoto wa kike kupanda baiskeli ilikuwa ni kujitafutia fimbo.

Jumamosi moja tukaingia duka kubwa la baiskeli. Muuzaji alimsalimia mume wangu, akamweleza mume wangu, akamwonyesha mume wangu. Baada ya dakika ishirini zikachaguliwa mbili zinazofanana kila kitu: magurudumu ya inchi 29, springi mbele, breki za diski. Ya kwake nyeusi, ya kwangu zambarau. Kama sare ya harusi. Nilipoipanda nikasimama nayo katikati ya miguu, bomba la juu la fremu likanigusa mahali ambapo halipaswi kugusa.

"Mbona kama kubwa?" nikauliza.

"Mtazoeana tu, mama," akajibu muuzaji. Mume wangu akacheka. Na mimi nikacheka. Nikatoa zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Naomba ukumbuke kicheko hicho. Mimi mwenyewe nilicheka.

Mwisho wa vumbi

Safari ya Kibondo unaijua au umeisikia: Dar, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kakonko, zaidi ya kilomita 1,000 za kukaa kitako. Baiskeli tulizifungua magurudumu ya mbele, tukageuza usukani, tukazivika mablanketi ya zamani na kuzilaza kwenye buti la basi. Ukisafirisha ya kwako fanya hivyo hivyo, na ile mikono ya nyuma inayobadilisha gia ielekeze juu. Begi la mtu likiikandamiza ikapinda, gia zitakusumbua maisha yako yote.

Kumsenga palitupokea kama panavyopokea siku zote: kijani cha migomba na mihogo, udongo mwekundu, njia nyembamba zinazopanda na kushuka kama zimechorwa na mtoto. Kibondo inapakana na Burundi, na ardhi yake inaonyesha undugu huo. Watoto walipofika tu walitoweka na binamu zao. Mama mkwe akatuwekea ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Kesho yake asubuhi tukatoka na baiskeli zetu, watu wanatoka nje kutuangalia, mimi najiona nipo kwenye jalada la gazeti letu hili hili.

Kilima cha kwanza kushuka. Mwenzangu akaachia breki, huyoo. Mimi miguu haifiki vizuri kwenye pedeli, mikono imenyooka mpaka mabega yanauma, nikaona jiwe, nikalikazia macho, nikabana breki moja kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa ya mbele. Mengine unayajua.

Alirudi baada ya robo saa hivi, kanikuta napanda kwa miguu nikiburuza ile zambarau. Hakuuliza nimeumia wapi. Alisema, "Si bora ungebaki tu na Mama nyumbani?"

Nikamwambia aende zake. Akaenda kweli. Siku mbili hatukusemezana, na safari hii hata swali la umeme halikuwepo.

Chini ya mwembe

Aliyeniokoa ni wifi yangu. Wifi ni mwalimu wa shule ya msingi, mrefu kama kaka yake, na kila siku anaenda kazini kwa baiskeli ya mtumba, ya gia, kuukuu, imefungwa keria nyuma ya kubebea madaftari. Aliniangalia ninavyochechemea akasema, "Wifi, twende kwa fundi kabla hujaichoma moto."

Fundi wa baiskeli wa pale kijiweni ana mwembe, gogo la kukalia, beseni la maji la kutafutia pancha na kopo la spana. Hana kingine. Akaniambia nisimame na baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote chini. Akatazama sekunde moja.

"Mama, hii ni ya bwana wako."

"Hapana, ya kwake ni nyeusi."

"Rangi ni yako. Fremu ni ya kwake." Akaeleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Siti anaweza kuishusha. Usukani anaweza kuuvuta karibu kidogo. Lakini fremu haipunguzwi. Ukinunua fremu kubwa umenunua shida, na springi za mbele hazitakusaidia.

Kisha akaona tairi la nyuma limelegea, akachukua pampu. Haikuingia. Vali za Phoenix na nyingi za zamani ni za namna yake. Za kwetu zilikuwa kama za gari. Ikabidi aazime pampu kwa fundi pikipiki wa jirani, maana pikipiki hutumia vali hiyo hiyo. Akaguna. "Na tyubu ya namba hii hapa hatuna. Ishirini na sita zipo. Ishirini na nane za Phoenix zipo. Hii ikipasuka utasubiri basi la Dar."

Dakika kumi chini ya mwembe zilinipa kila kitu ambacho dakika ishirini za duka lenye viyoyozi hazikunipa. Fundi alifanya jambo moja ambalo muuzaji hakulifanya: aliniangalia mimi.

Zilianza na vyuma chakavu

Nikiwa nasubiri pale, nikawa najicheka. Nilikuwa nimeiona Phoenix ya yule mzee wa ndizi kama takataka, na yangu kama maendeleo. Kumbe historia inasema vingine kabisa.

Baiskeli ya milimani haikubuniwa na wataalamu wenye makoti meupe. Miaka ya 1970, kule kaunti ya Marin, California, vijana walichukua baiskeli kuukuu, nzito, za gia moja na matairi manene, wakazipandisha juu ya vilima vya karibu na mlima Tamalpais na kushuka nazo kama wendawazimu. Breki ya nyuma ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Ikipata moto grisi yote inaungua kwa moshi, na ukifika chini inabidi ufungue upakie grisi upya. Ndiyo maana mteremko wao mmoja uliitwa Repack, yaani pakia tena, na mashindano yake yalianza mwaka 1976. Mwaka uliofuata Joe Breeze akatengeneza fremu maalumu kwa kazi hiyo. Wakina Gary Fisher na Tom Ritchey wakaendeleza, viwanda vikadaka miaka ya 1980, na ilipofika 1996 mchezo huu ukaingia Olimpiki ya Atlanta.

Kwa hiyo mzee anayeshusha mikungu mitatu kwa baiskeli ya gia moja kwenye kilima cha Kumsenga hayuko nyuma ya wakati. Yuko pale mchezo ulipoanzia, tena yeye ana mzigo.

Na sisi watu wa maziwa makuu tuna sehemu yetu kwenye hadithi hii. Mwaka 2005 huyo huyo Tom Ritchey alifika Rwanda, akaona wakulima wanavyobeba kahawa kwenye vilima kwa baiskeli. Kutokana na safari ile ikatengenezwa baiskeli maalumu ya kubebea kahawa, na ikazaliwa timu iliyofundishwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Mmoja wa vijana wa timu hiyo, Adrien Niyonshuti, alibeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012, kisha akashindana mbio za baiskeli za milimani. Alimaliza wa 39. Hakurudi na medali, lakini alimaliza. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Upande wa Kenya, kule Kikuyu nje ya Nairobi, David Kinjah amekuwa akiwafundisha vijana baiskeli kwenye njia za vumbi kwa miaka mingi. Mmoja wa waliopita mikononi mwake akiwa mdogo ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne. Vilima vyetu, kwa kifupi, ni chuo. Tatizo ni sisi tunaoingia darasani na viatu vya mtu mwingine.

Kabla hujatoa hela

Haya, chukua kalamu. Haya ndiyo niliyokusanya kwa fundi, kwa wifi na kwa goti langu.

*Simama nayo.* Fremu katikati ya miguu, nyayo chini kabisa. Kati yako na bomba la juu ibaki nafasi, kama sentimita 5 au zaidi. Ikikugusa, iache hapo hapo, hata kama rangi inakuita kwa jina.

*Pima siti.* Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyoko chini kabisa. Mguu unyooke. Ukihamishia pedeli kwenye sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ndipo penyewe. Siti ya chini sana inaua magoti.

*Shika usukani.* Viwiko vikunjike kidogo. Ukilazimika kuning'inia mbele kama unaanua nguo, fremu ni ndefu kwako.

*Uliza vipuri kwanza, baiskeli baadaye.* Utaendesha wapi? Fundi wa huko ana tairi gani, tyubu gani, raba za breki za aina gani? Breki za diski ni nzuri, lakini zile za kubana rimu, nyepesi na rahisi, fundi yeyote chini ya mti wowote anaziweza.

*Springi zisikutie wazimu.* Za mbele zinatosha kwa anayeanza, na hata bila hizo utaishi. Springi za nyuma kwenye baiskeli ya bei rahisi mara nyingi ni uzito tu. Zinameza nguvu zako ukipanda, na keria haikai.

*Mtumba si aibu.* Fremu isiwe na ufa kwenye maungio, magurudumu yazunguke bila kuyumba, cheni isiwe imelegea na kutu. Ukiwa huna uhakika nenda na fundi wako, mpe soda na nauli.

*Bakiza hela.* Usiimalize yote kwenye baiskeli. Kofia ngumu ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama baragashia ya harusini. Ongeza pampu inayoingia kwenye vali yako, tyubu ya akiba, viraka na gundi, na spana zake.

Na kubwa kuliko yote: anayepanda ndiye anayechagua. Ukienda dukani na mwenzi wako, kila mmoja ajaribu ya kwake, na kila mmoja aulizwe. Muuzaji akizungumza na mmoja tu, ondokeni.

Darasa la wifi

Jioni ile wifi akanipa baiskeli yake. Nikapanda. Mpenzi msomaji, nilikuwa sijui kama kupanda baiskeli hakuumi! Miguu ilifika, mikono ikalegea, nikazunguka uwanja wa shule nikipiga kengele kama mwendawazimu. Yeye akachukua zambarau yangu, akaipandisha siti, ikamkaa kama imeshonwa kwa fundi cherehani.

Siku ya pili akanipeleka kwenye njia ya shambani, taratibu. Somo la kwanza: gia. "Badilisha kabla ya mlima, si katikati," akasema. Ukishaanza kuhemea pedeli ndipo unakumbuka gia, cheni inagoma na wewe unashuka. Unaona kilima kinakuja, unalegeza miguu kidogo huku ukiendelea kunyonga, unabadilisha. Nyuma, gia kubwa ndiyo nyepesi. Mbele ni kinyume chake, ndogo ndiyo nyepesi. Usiunganishe kubwa na kubwa wala ndogo na ndogo, cheni itakaa mshazari na kuchakaa mapema.

Somo la pili: kushuka. Pedeli zikae sawa, moja mbele moja nyuma, unyanyuke kidogo kwenye siti, magoti na viwiko vilegee, mwili uende nyuma kidogo. Breki zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo, kwa kidole kimoja au viwili. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini ukiibana ghafla mteremkoni inakugeuza kichwa chini, na mimi ni shahidi. Kabla ya kutoka nyumbani jua mkono upi ni wa breki ipi, maana baiskeli zinatofautiana.

Somo la tatu ndilo nililolipenda. "Usiangalie jiwe, wifi. Angalia njia." Macho yakienda kwenye jiwe, tairi linafuata macho. Unatazama mbele, pale unapotaka kupita, na jiwe linabaki kuwa la pembeni.

Kisha usafi. Vumbi lile jekundu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa, linakula cheni. Wifi kila Jumamosi anafuta cheni kwa kitambaa kikavu, anaweka mafuta mepesi ya cherehani, anazungusha, anafuta yanayobaki. Hapaki oili chafu ya pikipiki hata akipewa bure. Na tairi halijazi mpaka likawa gumu kama jiwe. Kwenye mawe tairi gumu linaruka ruka na kuteleza. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, usikipite.

Hadithi mbili za Phoenix moja

Usiku wa pili tulikaa uani, mume wangu kule, mimi huku kwenye mkeka na mama mkwe. Baba mkwe, ambaye huona kila kitu na husema kidogo, akaanza kusimulia Phoenix yake, ile iliyoegeshwa mpaka leo kwenye ukuta wa jiko. Usiku mume wangu alipozaliwa hakukuwa na gari wala pikipiki. Akampakia mkewe kwenye keria, akanyonga gizani mpaka zahanati. "Bila baiskeli ile," akasema, "huyu asingekuwepo hapa."

Tukanyamaza kwa heshima. Mama mkwe akacheka.

"Malizia," akamwambia.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, alininyonga kama anakimbizwa. Kila shimo nalisikia tumboni. Nikamwambia simama. Akasema tunachelewa. Nikamwambia tena simama. Anasema tunachelewa. Nikaruka."

"Uliruka na mimba?" mume wangu akashtuka. Miaka yote hakuwahi kusikia sehemu hiyo.

"Nikashuka kilimani ikiwa imepunguza mwendo. Nikatembea kwa miguu yangu. Baba yako akawa anasukuma baiskeli pembeni, analia. Ndipo akaniuliza, nikuendeshe vipi? Nikamwambia. Nikapanda tena. Tukafika salama."

Baba mkwe akatazama chini. "Ni kweli," akasema. "Sikuwa nimemuuliza."

Hakuna aliyetugeukia. Hakuna aliyetaja mtaro. Lakini tulipoingia ndani mume wangu akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika goti langu lenye kidonda, akauliza swali alilopaswa kuuliza siku mbili nyuma. "Inauma wapi?"

Nikamwambia. Nilianza na goti, nikaishia mbali sana. Nikamwambia habari ya dukani. Nikamwambia habari ya simu mbili. Na mimi nikakiri ya kwangu: kwamba niliona fremu ni kubwa, nikaogopa kuonekana mjuaji, nikacheka. Miaka saba nimekuwa nikicheka hivyo kila jambo lisiponitosha, halafu namkasirikia kimya kimya kwa kutojua. Yeye akasema alidhani vitu viwili vinavyofanana ndiyo kuwa pamoja.

Tulizima taa saa nane usiku. Sikumbuki simu zilikuwa wapi.

Mabadilishano

Asubuhi nikamwambia wifi nataka tubadilishane: yeye achukue zambarau mpya, mimi nichukue kuukuu yake. Akadhani natania. Mume wangu kwanza alikunja uso, "hela yote ile?", kisha akajinyamazia mwenyewe. Fundi akafunga keria mpya kwenye zambarau, akaongeza raba mpya za breki kwenye kuukuu. Wifi anakwenda nayo shule mpaka leo, na wakati mwingine anapakia mwanafunzi wa kike anayetoka mbali.

Siku tatu zilizobaki tulizunguka vilima vya Kumsenga wawili. Mimi mbele. Yeye ndiye aliyeomba kukaa nyuma, maana aliye nyuma anamwona wa mbele, na mwendo unapangwa na asiye na haraka. Kwenye kupanda nilishuka na kusukuma mara nyingi tu, hakuna aibu, hata wenyeji wanasukuma. Tukifika juu tunakaa chini ya mti, tunakunywa maji, tunaongea. Siku moja tuliongea saa nzima kuhusu jambo ambalo Dar tungelimaliza kwa ujumbe wa maneno matatu. Njiani tulikutana tena na yule mzee wa ndizi. Akaitazama baiskeli yangu yenye kutu kidogo na keria. "Sasa hii," akasema, "ni yako."

Iko Dar sasa hivi, kwenye varanda. Jumapili alfajiri, kabla magari hayajaamka, tunatoka wote wawili. Sitakudanganya kwamba simu zimekufa. Jana usiku tu mianga ilikuwa miwili. Lakini mmoja wetu akiona mwenzake amenyamaza sana, anauliza tu: "Fremu inakutosha?" Na mwingine analazimika kujibu ukweli.

Kazi kwako, mpenzi msomaji. Wikiendi hii nendeni dukani, au kwa fundi wa mtumba, msimame kila mtu na ya kwake katikati ya miguu. Ikiwa kubwa, sema. Usicheke.

Tukutane mwezi ujao!